Mara Saba Bila Neno

Mara ya kwanza Fergal Mulvany alitokea akiwa kasisi, akafungua mlango wa kanisa na kupotea. Mara ya pili alikuwa mlevi kwenye benchi. Katika filamu ya tatu alisukuma toroli la samaki, na Mwatima alimjua kwa mgongo tu, maana mgongo ule ulikaa jikoni kwake miaka mitatu.

Ndivyo alivyokuwa, mwandishi huyu wa Ireland. Mahojiano aliyakataa, lakini kila riwaya yake ilipofanywa filamu au mchezo wa televisheni, alijichomeka humo sekunde mbili tatu, bila neno. Mara saba Mwatima alimwona akipita. Leo, Jumapili alasiri, hakuwa anapita. Alikuwa amekaa kitini, mtangazaji mbele yake, kaja kusema.

Iman, binti yake Mwatima anayeishi Sutton Coldfield, ndiye aliyepiga simu. "Mama, put the telly on. Yule Irish man wako, he's on live."

"Wangu wa wapi," alijibu Mwatima, na rimoti keshaishika.

Makungu, mumewe, aliinuka kwenye kochi. "Yule tulishamzika, Mama Iman. Weka mpira."

Mwatima hakuweka mpira.

Zamani, walipokuwa wakikaa mtaa wa Nechells, Birmingham, Mulvany alikwama na riwaya juu ya mwanamke wa Unguja aliyehamia mji huo huo. Mwatima alikuwa msafishaji wa maktaba ambamo Mulvany alikuwa akiandikia. Siku moja Mulvany alimuuliza maana ya neno moja la Kiswahili, na neno likazaa sura nzima. Akawa anakuja nyumbani kila Jumamosi. Mwatima alimfundisha Kiswahili, akamfutia upuuzi wote aliouandika, akampa na habari za mama yake mzazi ambazo hata Iman hakupewa. Malipo hakutaka. Alitaka kitu kimoja, na Mulvany akaapa: siku atakapokaa mbele ya watu kukizungumza kitabu hicho, atalitaja jina lake.

Makungu hakuwahi kumkataza. Alirudi kazini, akasalimu, akachukua chai yake na kupanda nayo juu.

Kisha mama yake Makungu akafariki. Siku ya hitma nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi, wanaume sebuleni wanasoma, Mwatima jikoni na masufuria ya biriani ya watu sitini. Kila hodi ilipopigwa alitega sikio. Mulvany hakuja. Wala hakuja kesho yake, wala hakuleta hata kadi. Na kwa Mwatima, asiyekuja msibani kwako keshakuaga. Humfuati kumuuliza sababu. Mwezi uliofuata wakahamia mtaa wa Washwood Heath, na Makungu akabadilisha namba ya simu kwa sababu ya watu wa matangazo.

Kitabu kilipotoka, Mwatima aliapa hakigusi. Makungu ndiye aliyekwenda dukani kukipekua kwa ajili yake, akarudi anatikisa kichwa. "Jina lako hamna hata la dawa. Shukrani ya punda ni mateke." Na kila filamu ya Mulvany ilipokwisha, Makungu alizima televisheni kabla majina ya mwishoni hayajaanza kupanda, asije mkewe akaumia bure. Mume wa namna hiyo ni wa kushukuriwa, na Mwatima alimshukuru.

Lakini iliuma. Mtu umfungulie jiko lako, umpe habari za mama yako, naye aondoke nazo kama mtu aliyeokota mwavuli kwenye basi.

Mtangazaji alisogeza kiti. Yule mwanamke wa kitabuni, aliuliza, alikuwepo kweli, au ni wa kubuni?

Mwatima aliongeza sauti ya televisheni.

"Nipe hiyo rimoti," Makungu alisema. "Presha yako itapanda."

"Wacha ipande. Akinikana, anikane nikimtazama."

"Ya nini kujitesa na Mzungu asiyekujua tena?"

Alinyoosha mkono. Mwatima akaikalia rimoti.

Mulvany aliinamisha kichwa. Nywele zilikuwa nyeupe sasa. Alimwambia mtangazaji kwamba hilo angependa kulijibu kwa lugha ya mwanamke mwenyewe, na watazamaji wamwie radhi.

Makungu alisimama. "Mie nakwenda kuswali."

"Alasiri umeshaswali," Mwatima alisema bila kugeuka.

Kiswahili kikatoka, cha Unguja, polepole, kila neno kama Mwatima alivyolifundisha. "Aliyenifundisha ni Bi Mwatima binti Khamis. Ile sauti ya kitabuni ni yake. Mimi niliandika tu."

Jina zima, na la baba yake, mbele ya nchi nzima. Mwatima alijifunika uso kwa mtandio akalia. Miaka yote ile alimlaani mtu huyu, na sasa kinyongo kilimtoka chote kwa mara moja. Alimsamehe kutokuja msibani. Alimsamehe kimya na kila sekunde aliyopita kwenye kioo kile bila kumtaja. Alitaka kumwambia Makungu kwamba walikosea, wote wawili, lakini Makungu alikuwa amesimama mlangoni na uso kaugeuzia ukutani.

"Mungu amrehemu marehemu Bi Mwatima," Mulvany aliendelea. "Nilifika kwake siku ya hitma yake, viatu vimejaa mlangoni, ndani wanasoma. Mumewe mwenyewe ndiye aliyetoka akanipa habari, machozi yanamtoka, akaniomba nisirudi tena."