Utando Mweupe

Mtaa mzima ulimsindikiza Zamzam maabara, maana kilo mia na sitini haziendi kimyakimya. Damu ikiwa nzuri, kesho anapasuliwa kupunguzwa tumbo. Ikiwa mbaya, anarudishwa nyumbani na pumzi zake za kukatikakatika.

Mzee Makame, mpimaji, aliinua kichupa. Juu ya damu ulielea utando mweupe, mzito kama tui la kwanza.

“Umekula, mwanangu.”

“Wallahi, tangu jana sijala!”

“Na sambusa za Mwanaiki?” wifi yake Rukia akadakia mlangoni, akicheka. “Nilikuona ukipokea!”

“Chakula cha jirani hakikataliwi. Nilipokea, sikula.” Akafungua mkoba. Sambusa sita, zote nzima.

Mzee Makame akashusha sauti. “Ungekuwa umekula, tungerudia kipimo kesho alfajiri. Kama hujala, basi ni mafuta ya mwilini. Hayakai bure hayo. Yanatoa homoni, yanalichochea ini limwage mafuta kwenye damu. Daktari hatakupasua.”

“Wifi,” Rukia akanong’ona, kicheko kimemkauka, “sema umekula, upimwe tena kesho.”

Kalamu ya Mzee Makame ikasimama juu ya fomu. Zamzam akawatazama majirani waliojazana mlangoni, akafumbua mdomo.