Siku Mama Kaswera Alipopora

Nondo ya kwanza ilipinda. Mama Kaswera aliitupa chini, akaomba nyingine, akaipachika kwenye ufa wa mlango wa chuma, kisha akaiegemea kwa uzito wake wote, ambao haukuwa haba. Kufuli liliruka hadi ng'ambo ya barabara.

"Muingie!" aliwaambia wanawake aliokuja nao. "Muanze na sukari. Mafuta iko nyuma, muibebe polepole."

Jeshi lililokuwa Goma lilikuwa limeondoka alfajiri, na lile lililokuwa linakuja lilikuwa bado njiani. Katikati hapo mji haukuwa na mwenyewe. Mtaa mzima wa Birere ulikuwa unabeba: magodoro, televisheni, milango. Mtu mmoja mwenye upara alipita na kiti cha kinyozi kichwani.

Adalbert, katekista wa Katindo, hakuja kupora. Alikuja kuona nani anapora, apate la kusema Jumapili. Alipomwona mwanakwaya wake akiwa na nondo mkononi, kwenye mlango wa depo, ghala lisilo na jina wala rangi, alifanya ishara ya msalaba.

"Mama Kaswera! Hata wewe?"

"Hata miye, papa. Sogea kidogo, unaziba mlango."

Adalbert alimfahamu vizuri. Katindo yote ilimfahamu. Alitoka Butembo akiwa msichana, biashara ikiwa damuni mwake, na vita vikawa kama vinamngoja. Duka lake la kwanza alilitia makufuli makubwa makubwa. Makufuli hayo ndiyo yaliyowatangazia askari waliokuwa wakikimbia kwamba ndani kuna kitu. La pili aliliwekea mlinzi. Siku ya fujo mlinzi ndiye aliyetoka wa kwanza na mfuko wa unga begani, maana ndiye aliyejua ulipo. Lililofuata alilikabidhi kwa Mungu na kwa majirani. Majirani walisali kweli, kisha watoto wao wakala biskuti za mama huyo mwezi mzima. Adalbert mwenyewe alionja, bila kuuliza zimetoka wapi.

Tangu hapo Kaswera aliuza makaa kando ya barabara, pamoja na wanawake waliokimbia vijiji vyao na kuhamia kambi ya Mugunga. Ukimwuliza habari za duka, alijibu, "Nilishajifunza." Watu walimhurumia.

"Kila mara batu wanapora, miye nabaki kulia," alisema sasa, akijipangusa jasho. "Leo sitaki kulia."

Wanaume wanne walitokea na nyundo.

"Mama, tugawane!"

"Tugawane nini? Hii depo nilifungua miye! Mutafute yenu!"

Wezi nao wana adabu zao. Walitazama mlango uliovunjika, wakaona mama ana haki, wakahamia kwa jirani.

Adalbert alikuwa bado amesimama pale. Macho yake yalikuwa kwenye sukari. Nyumbani kwake chai ilikuwa chungu tangu barabara ya Sake ifungwe.

"Huo mfuko ni muzito kwako, mama," alisema.

"Ndiyo kusema nini?"

"Nitakusaidia. Si kupora. Kumsaidia mama mwenye mzigo ni tendo la huruma."

Victoire, mmoja wa wanawake wa Mugunga, alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akambebesha huruma yake kichwani.

Karibu na Katindo walikuta kizuizi. Watu wenye bunduki, ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza ni wa upande gani, walikuwa wanashusha mali ya mfanyabiashara mmoja aliyefikiri atahamisha bidhaa zake kwa gari, kwa utaratibu, na karatasi zote mkononi. Karatasi zilikuwa kamili. Ndizo zilizowaonyesha kwamba mali ni yake, na kwamba huenda ana nyingine nyumbani. Sasa walikuwa wanamwuliza nyumbani ni wapi.

"Ninyi! Mumetoa wapi hii vitu?"

Adalbert alianza Salamu Maria, akasahau inaendeleaje.

"Tumepora, chef!" Kaswera alijibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Mwenye bunduki aliangua kicheko. "Mupite mbio, mama. Kule mbele kuko wezi."

Walikwenda na kurudi, wakaenda tena, mpaka depo ikabaki na panya wake. Jua lilipokuwa linashuka, nyumba ya Kaswera ilikuwa imejaa hadi kwenye paa. Wanawake wa Mugunga walikuwa wanajifungia mchele kwenye vitenge vyao, kila mmoja fungu lake. Adalbert alikaa juu ya mfuko wa chumvi. Shingo ilimuuma, lakini roho ilimuuma zaidi. Mama Kaswera alimletea kikombe, akachukua chupa ya chai.

"Mama," alisema Adalbert, "kesho mimi naenda kuungama. Lakini yule mwenye depo, maskini! Mali yote hii ni jasho la mutu. Akifika pale akute kuta tupu, atakufa palepale. Tutamwambia nini?"

Victoire alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakamtikisika.

"Hatakufa, papa katekista," alisema Kaswera. "Ni yeye anakumiminia chai."