Jogoo Aliyejaribu Kuning'inia

Jogoo alipokuwa mwenyekiti wa kijiji, aliamuru kila mmoja asali kwa kuwika alfajiri. Asiyewika hakuruhusiwa kuchota maji kisimani. Popo, ambaye husali kimyakimya akiwa amening'inia, akabaki na kiu.

"Mwenyekiti, sala yangu inakudhuru nini?" aliuliza.

"Sheria ni sheria," Jogoo akajibu.

Uchaguzi ulipofika, wenye kiu wakamchagua Popo. Kesho yake Jogoo akapanda mtini, akajaribu kuning'inia, akaanguka kifudifudi.

"Unafanya nini, mzee?" Popo akamuuliza.

"Nasali kama wewe, mheshimiwa. Nina kiu."

Popo akamwinua, akamfuta vumbi. "Kisima ni cha kijiji, si cha dini yangu. Kanywe, na kesho uwike zako. Ila wika mbali kidogo, saa hizo ndiyo kwanza nalala."