Mtulivu wa Nyumba

Kila nyumba yenye mtoto ilitakiwa kuwa na mtu mmoja wa kundi la Watulivu, watu wasioruhusiwa kulia. Nyumbani kwa Mbwana, mtu huyo alikuwa mkewe, Tunu. Siku ambayo angeshindwa kujizuia, bangili ya kupima hisia aliyoivaa ingegeuka nyekundu, na ofisa akiiona hivyo, binti yao Saumu, mwenye miaka sita, angehamishiwa kwa watu wengine.

Asubuhi moja simu ilileta habari kwamba mama yake Tunu amefariki. Mbwana, ambaye ni wa kundi la Wepesi, aliangua kilio pale pale sebuleni. Yeye aliruhusiwa. Tunu aliendelea kumsuka Saumu nywele.

“Mama, bibi amekufa?”

“Ndiyo, mwanangu. Tulia nimalizie.”

Kabla ya adhuhuri alikuja ofisa wa makundi, kama ilivyo kawaida nyumba inapofiwa.

“Pole kwa msiba, dada,” alisema, macho yake yakiwa kwenye bangili. Ilikuwa bado ya kijani. Akaaga, akaenda zake.

“Lia sasa, mke wangu,” Mbwana alinong'ona. “Ameshaondoka; bangili ikigeuka nyekundu hakuna wa kuiona.”

Tunu alijaribu. Chozi halikuja, na hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Ghafla upepo uliubamiza mlango, ukambana Saumu kidole. Ukucha uling'oka na damu ikatiririka. Mtoto alifumbua kinywa, akamtazama mama yake, akakifumba.

“Siumii, mama,” alisema.

Tunu alipiga magoti mbele yake.

“Lia, mwanangu. Nakuomba, lia.”

Saumu alimtabasamia tu.