Njuka na Sauti za Timba

Kwa mara nyingine Njuka aliuliza timba ni nini, na kundi zima likaangua kicheko.

"Huyu kichwa chake kimechimbwa kikabaki shimo," aliandika Marwa.

"Si aliuliza hilohilo wiki iliyopita?"

"Na wiki ile nyingine! Kuruta wa kudumu!"

Kundi hilo la WhatsApp liliitwa Wana wa Duara, na lilikuwa la wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaoliita shimo lao duara, katika machimbo fulani nje ya mji wa Geita. Aliyeingia mpya hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa njuka, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeingia bwenini na sanduku kichwani, mpaka siku atakapoijua kazi. Huyu wa sasa alikuja na namba tupu, bila jina wala picha, akaandika: "Shikamooni. Mimi mgeni, naomba kujifunza." Ile shikamooni peke yake iliwachekesha siku nzima.

Lakini kundi lilikuwa na desturi. Njuka anachekwa, kisha anafundishwa. Na hafundishwi kwa maandishi. Anatumiwa sauti za Masalu.

Masalu ndiye aliyeanzisha kundi, na picha yake akiwa na tochi kichwani ndiyo picha ya kundi hadi leo. Kila njuka aliyeuliza, Masalu alimrekodia jibu jipya, hata kama jana yake alimjibu mwingine swali lilelile. Alianza na "Mwangaluka, njuka wangu!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata ikiwa jioni, akakohoa, akaucheka mzaha wake kabla hajausema. Tangu atolewe duarani akiwa hana pumzi na kurudishwa kwao Samuye, Selestine, msimamizi wa kundi, ndiye aliyezitunza sauti hizo na kuzituma mojamoja.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya timba, ambayo Masalu aliirekodi akiwa mapumzikoni nyumbani. Katikati ya somo mwanamke anasikika kwa mbali: "Baba Noela, uji unapoa!" Masalu anajibu, "Naja, mama. Nina watoto wengine hapa, hata kusimama hawajui." Tangu hapo, mchimbaji akichelewa kushuka duarani, wenzake humpigia kelele kwamba uji unapoa.

Selestine alipekua simu yake, akatuma sauti ya timba, si hiyo ya uji.

Baada ya kitambo Njuka akajibu: "Asante kaka. Hii nimeshaisikia. Hakuna nyingine?"

"Nyingine?" Marwa alifoka kwa herufi kubwa. "Dogo anachagua kama yuko kwenye mitumba! Selestine, mtoe. Huyu hajifunzi, anatupotezea bando."

"Mwacheni," aliandika Vumilia, anayewapikia wali pale machimboni. "Wewe Marwa ulipokuja hukuuliza bafu la duarani liko wapi?"

Vicheko vikamgeukia Marwa, naye akazidi kukasirika. Wengine wakamuunga mkono. Mtu asiye na jina, asiye na picha, anauliza yaleyale. Nani ajuaye anatafuta nini?

Selestine akaona bora amalize maneno. "Jumamosi jioni, mtihani," aliandika. "Njuka akifeli, namtoa kundini."

"Nikitolewa, sauti nitazipata wapi?" Njuka aliuliza.

"Hutazipata."

"Basi nitafanya."

Jumamosi mashine ya kusaga mawe ilipozimwa, Selestine alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wachimbaji wakamzunguka na simu zao. Vumilia naye alikuja, mwiko mkononi.

"Swali la kwanza. Timba ni nini?"

"Ni mti unaozuia ukuta wa duara usititie," Njuka alijibu upesi. "Usiweke mbichi. Ugonge kwanza uusikilize, kama mke wangu anavyogonga kuni."

Wachimbaji walitazamana. Hayo yalikuwa maneno ya Masalu, na mke wake akiwamo.

"La pili. Ndoo ikipandishwa unakaa wapi?"

"Kando. Ndoo ikianguka haipigi hodi."

"Hata kukohoa amekohoa, hamjasikia tu," alisema mmoja, wakacheka. Marwa hakucheka. Aliinama kwenye simu yake.

"La mwisho. Umeshuka chini, mshumaa umezimika. Unafanyaje?"

Hapo Njuka akakawia. Juu ya kioo ilionekana anaandika, ikapotea, ikaonekana tena.

"Hajui!" alisema Marwa, lakini kwa sauti ndogo.

Jibu likaja. "Unapanda juu, hewa imekwisha. Humsubiri mtu, humalizii kazi. Unapanda, hata wakikucheka."

Vumilia alijipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi.

"Amepita," alisema Selestine, kisha akaandika. "Umepita. Leo huitwi njuka tena. Ila aliyepita haulizi maswali ya kitoto."

"Sawa kaka."

"Na mwanangu nisamehe," aliongeza Marwa. "Desturi yetu, aliyepita anachagua zawadi. Kofia, tochi, au wali wa Vumilia. Sema."

"Naomba ile sauti ya uji."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka duara la jirani. Mtu amepita mtihani, anaachiwa achague, anachagua uji! Selestine alitikisa kichwa, akaitafuta, akaituma.

Huko Samuye, Njuka alisubiri mpaka sauti imalize kuingia. Akaiongeza hadi mwisho, akaiegemeza simu kwenye sufuria jikoni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Noela," aliita, "acha hivyo vyombo uje. Baba anaongea."