Mageti ya Augustin Cayrol

"Na hili nalo liko wazi!" Solange aliilaza baiskeli yake kwenye matope. "Léonce, njoo uone. Safari hii wamelifunga na kamba kabisa, lisijirudie. Dharau gani hii?"

Léonce, mumewe, hakuja kuona. Alikuwa bado chini ya kilima, anaisukuma baiskeli kwa mikono miwili na kutweta, magoti yanamuuma tangu asubuhi. Alipofika alilikuta geti la chuma limebanwa ukutani kwa kamba ya bluu, ile ya kufungia majani makavu. Solange alitoa kisu mfukoni, akaikata kamba, akalivuta geti na kutia komeo.

"Jamani, mimi nimechoka," alisema Léonce. "Tulitoka kukagua njia. Sasa tumekuwa mabawabu."

"Pumzika ukitaka. Mimi huyo mtu leo namkamata."

Njia hiyo ya changarawe ilikuwa ya Solange, hakuna asiyejua hilo katika milima yote ya Aubrac, huku kwetu Ufaransa. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wafugaji waruhusu baiskeli zikatize malisho yao. Hakufanya hivyo kwa kupenda michezo. Mkahawa wake ulikuwa umebaki peke yake kijijini, na bila wapanda baiskeli wale wenye njaa na matope ungefungwa kabla ya Noeli.

Halafu kiangazi cha mwaka huo mtu mmoja wa mjini akaacha geti wazi. Ng'ombe mtamba wa mzee Augustin Cayrol, mwenye malisho yale, akapenya, akazama kinamasini. Walimvuta kwa trekta, wakatoa mzoga. Augustin alilia mbele za watu, na huku kwetu mzee wa rika lake halii mbele za watu.

"Geti moja tena, Solange," alimwambia siku ile. "Moja tu. Naifunga njia, halafu utamuuzia kahawa nani? Mizimu?"

Ndiyo maana alikuwa anafunga. Kila geti walilolikuta, wazi. Kila moja alishuka, akakata kamba, akavuta, akatia komeo, akapanda tena. Mgongo ulimuuma, vidole vilikufa ganzi, na ukungu ulizidi kushuka mpaka kuta za mawe zikaanza kupotea.

Kwenye matope mbele yao kulikuwa na alama ya tairi la baiskeli.

"Tairi jembamba hivi?" Léonce aliinama. "Tena limelika kama soli ya kiatu changu. Huyu si mtalii."

"Basi ni mtalii bahili. Kanyaga, bwana."

"Nakanyaga na nini? Baridi hii nayo si ya siku hizi. Ng'ombe hawashushwi kutoka malisho ya juu mpaka wiki ijayo, na tayari nanusa theluji."

"Unanusa soksi zako."

Nyuma yao, juu kwenye ukungu, kengele za ng'ombe zililia. Solange alisimama kidogo kusikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea.

"Unawasikia? Wote wana mimba wale. Tusingepita sisi, saa hizi wangekuwa wameshatawanyika."

Geti la kando ya kinamasi nalo lilikuwa wazi. Hapo nusura alie. Kulia palikuwa na ukuta, kushoto waya tu, mbovu, na nyuma ya waya nyasi zile laini zilizommeza mtamba. Alilifunga. Komeo halikumtosha. Aliokota ile kamba ya bluu, akaizungusha kwenye nguzo, akakaza fundo kwa meno.

"Hata mwenye geti hatalifungua hilo," alisema Léonce.

"Vizuri."

Waliteremka. Breki zilipiga kelele, na Solange wala hakujali. Pale njia inapokutana na barabara ya lami, mbele ya geti la mwisho, aliona baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani. Mtu alikuwa ameinama, mgongo kwao, anafunga kamba ya bluu.

"Wewe! Mshenzi wewe! Hebu simama hapo hapo!"

Mtu yule akageuka taratibu, mkono kiunoni. Alikuwa Augustin Cayrol.

"Ala! Solange! Nimekukosea nini tena?"

Solange aliitazama ile kamba mkononi mwa mzee.

"Mmejaa tope mpaka kwenye nyusi, masikini," alisema mzee. Akavuta kofia masikioni. "Rudini nyumbani mkaote moto. Usiku huu theluji inaanguka, nimeambiwa, ndiyo maana sikungoja wiki ijayo. Vijana wangu wako huko nyuma wanaliswaga kundi. Mimi nimewatangulia na kibaiskeli hiki. Ng'ombe wakiona trekta wanadhani nimewaletea majani, wanakimbia ovyo."

Léonce aliilaza baiskeli yake chini, polepole, wala hakumtazama mkewe.

"Na ninashukuru nimekukuta," Augustin aliendelea. Aliona haya kidogo, akawa anaichezea kamba. "Nilikutukana mwaka huu, nilikuwa na uchungu. Lakini asubuhi nimekuta geti kila moja limefungwa vizuri. Watu wako wana adabu. Njia yako ibaki, mama. Waje tu."

"Augustin," alisema Solange.

"Ngoja." Mzee aliinua kidole, akageuza sikio kilimani. "Njia nzima nimewafungulia, kutoka juu mpaka hapa. Sasa mbona kengele zinalia kinamasini?"