Neno "Sana" kwenye Kibao cha Bi. Sprake

"Wakazi wote wa Muckleby wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumamosi saa sita mchana, kivumishi 'unique', yaani 'cha kipekee', hakitaambatana na neno 'sana' mahali popote hadharani. Kwa amri ya Baraza la Kijiji."

Tangazo lilibandikwa kati ya ratiba ya uzoaji taka na picha ya paka aliyepotea. Kijiji kizima kilikuwa na mkosaji mmoja: kibao cha mgahawa wa mjane Doreen Sprake, kilichosomeka "Keki za Kipekee Sana". Mumewe, Alf, alikipaka rangi wiki moja kabla ya kufariki. Seremala alikwisha kuagizwa aje na msumeno kulikata hilo "sana".

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa. Chai ilimiminwa, na kila aliyekaa alimwomba radhi jirani yake kwa kukaa.

Mwenyekiti, Cuthbert Pobjoy, mwalimu mkuu mstaafu na mseja, alisimama.

"Kitu cha kipekee hakina cha pili," alisema. "Ama kipo kimoja, ama si cha kipekee. Hakuna kipekee kidogo wala kipekee sana, kama ambavyo hakuna mtu aliyekufa kidogo."

"Alf wangu amekufa sana," alijibu Doreen. "Na hilo 'sana' ndilo neno la mwisho aliloandika. Likate, Cuthbert, uone kama utakula keki kwangu tena."

"Sheria haili keki, Bi. Sprake."

"Lakini wewe unakula. Kila Jumanne. Mbili mbili."

Kicheko kilipita ukumbini. Pobjoy alikisubiri kiishe, kama alivyozoea kuwasubiri wanafunzi wa darasa la tatu.

"Haya, profesa, tuambie," Doreen aliendelea. "Hilo neno 'kipekee' kama ni takatifu hivyo, umeshawahi kumwambia nani? Au unalifuga tu kabatini?"

"Mbane huyo, mama!" alipaza sauti Reg, muuza nyama, kutoka kiti cha nyuma.

Pobjoy alivua miwani, akaifuta polepole. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Nimelitumia mara moja tu. Kwa mwanamke mmoja, kwa maandishi, naye yumo humu ukumbini. Niliandika: 'Wewe ni wa kipekee, na usahihi wanikataza kuongeza neno.'"

Mashavu ya Doreen yaliiva. Alifungua mkoba wake taratibu, akatoa kadi ya Siku ya Wapendanao, isiyo na sahihi kama desturi inavyotaka.

"Makubwa! Kumbe ni wewe," alinong'ona.

Nyuma yake vifungo vya mikoba vikaanza kulia: tak, tak, tak. Zikatoka kadi nyingine sita, zenye maneno yaleyale, ikiwemo ya katibu, ambaye aliacha kuandika kumbukumbu za kikao ili aitafute yake.

Baraza liliazimia, bila kupingwa, kwamba kitu cha kipekee ni kimoja tu, au saba kwa idhini ya mwenyekiti. Na kwamba kibao cha Bi. Sprake kisikatwe wala kisiachwe kilivyo hadi kikao cha Februari.